Mbio za 100: dadu moja, maharagi na vifuniko vya soda

Mchezaji anatupa dadu mara nyingi kadiri anavyotaka katika zamu yake. Kila namba kuanzia 2 hadi 6 inaongezwa kwenye lundo lake la pointi. Akisema "nasimama", lundo linakuwa mali yake. 1 ikitokea kabla hajasimama, lundo lote la zamu hiyo limekwenda, na kikombe cha kutupia dadu kinapita kwa jirani. Alichokwisha kuweka katika zamu za nyuma hakiguswi. Wa kwanza kufikisha 100 ameshinda. Wawili wanatosha; wakizidi watano, kungoja zamu kunachosha.

Dadu la Ludo linafaa kabisa. Litikisieni ndani ya kikombe cha plastiki na mlimwage kwenye kifuniko cha kartoni chenye kuta za sentimita 4 au 5, mkitandika ndani kipande cha kitenge kilichochakaa. Kitenge kina kazi: juu ya sementi tupu dadu linaruka na kupotea chini ya kiti, na katika viwanja vyetu vya Goma, penye changarawe nyeusi ya volkano, linakwama kati ya mawe na ugomvi unaanza juu ya upande uliotazama juu. Afikianeni mapema: dadu lililoinama kwenye ukuta au lililotoka nje linatupwa upya, hata kama namba yake inapendeza.

Kama hakuna dadu, kateni karatasi sita za ukubwa mmoja kutoka kwenye kaye (daftari), andikeni 1 hadi 6 kwa biki ileile, zikunjeni mara mbili na kuzitia kikombeni. Anayecheza anachota moja bila kutazama, anaisoma, anaikunja tena, anairudisha na kutikisa. Wengi hukosea hapo kwenye kurudisha. Karatasi ikiachwa nje, hatari inapanda kila mara: ya kwanza ni moja kwa sita, ya pili moja kwa tano, na baada ya tano kutoka salama, inayobaki ni 1 kwa hakika. Karatasi iliyochakaa pembeni nayo inatambulika kwa vidole, kwa hiyo zibadilisheni zote sita pamoja, msibadilishe ile moja tu.

Wenye subira waombe kipande cha mti kwa fundi wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) au wa mbao. Mchemraba wa milimita 15 hadi 16 kila upande, pembe zikipigwa msasa kidogo, unaviringika vizuri. Pande zinazotazamana zijumlishe 7: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Chora nukta kwa biki. Ukizitoboa kwa msumari wa moto, upande wa 6 unapoteza mti mwingi kuliko ule wa 1 na unakuwa mwepesi. Ili kulipima, lidondoshe kwenye glasi ya maji mara kadhaa kabla mti haujanywa maji. Upande uleule ukija juu kila mara, mti una fundo au uzito umeegemea. Kipimo kingine ni kulitupa mara 60 na kuandika. Kila namba ingetoka karibu mara 10. 6 au 14 si ajabu, lakini upande uliotoka mara 20 unatia shaka.

Vifuniko vya chupa visitumiwe badala ya dadu: vimebonyea upande mmoja, basi haviangukii pande zote mbili sawasawa. Vina kazi yao kwenye hesabu. Kwa watu wanne tafuteni vifuniko 40 (malewa yoyote, yaani kibanda cha chakula, itawapa bure) na maharagi 70. Haragi moja ni pointi 1, kifuniko ni 10. Lundo la zamu linakaa katikati, mbele ya macho ya wote. Mali iliyolindwa inakaa mbele ya mwenyewe. Ukitupa 5, maharagi matano yanaingia katikati. Ukisimama, unayavuta kwako na kubadilisha kila kumi kwa kifuniko. Hesabu ya kaye ni ya haraka zaidi, ni kweli, lakini kwenye kaye lundo ni namba tu na halimtishi mtu. Maharagi 23 yaliyo katikati yanamfanya mtu afikiri.

Aliyesimama avute maharagi yake kwanza, ndipo apitishe kikombe. Na neno "nasimama" lisemwe kabla ya dadu kutoka kikombeni. Wapo wanaolisema dadu likiwa linaviringika.

Sasa swali lenyewe: kusimama lini? Chukueni lundo lenye 20. Katika mitupo sita, mmoja kwa wastani ni 1 na unaangusha 20. Mitano mingine inaleta 2, 3, 4, 5 na 6, jumla 20. Faida na hasara zimelingana. Chini ya 20 kutupa kunalipa. Juu yake unapoteza kidogo kidogo. Anayefuata kanuni hii hupata wastani wa pointi 8 kwa zamu, ingawa kati ya zamu 100 kama 62 zinaishia patupu. Msishangae basi: kupita mitupo minne bila 1 hutokea mara 48 tu kati ya 100. Dadu halikumbuki. 1 ikikosekana kwa mitupo kumi, wa kumi na moja bado una hatari ileile ya moja kwa sita.

Lakini 20 haiangalii mpinzani yuko wapi. Todd Neller na Clifton Presser, walimu wa chuo huko Marekani waliouchunguza mchezo huu kwa kompyuta, walitoa kanuni bora kwa wachezaji wawili ambayo unaweza kuibeba kichwani: mmoja wenu akiwa na 71 au zaidi, tupa mpaka ushinde au uanguke. Vinginevyo chukua pointi za mpinzani, toa zako, gawa kwa 8, kisha ongeza 21. Una 30, yeye ana 62: tofauti 32, gawa kwa 8 ni 4, simama kwenye 25. Ukiwa wewe mwenye 62, simama kwenye 17. Aliye nyuma anathubutu, aliye mbele analinda.

Wakicheza wawili wenye ujuzi sawa, anayeanza hushinda kama mara 53 kati ya 100, kwa hiyo badilishaneni kuanza. Mkicheza kwa faranga, tofauti hiyo ndogo inageuka kelele. Kaeni kwenye maharagi.

Mkizoea, tumieni madadu mawili. 1 ikitokea kwenye moja, lundo limekwenda. Zikitokea 1 mbili pamoja, hata mali iliyolindwa inarudi sifuri. Hatari ya kuona 1 ni 11 kati ya 36, kwa hiyo lundo la 18 tayari ni la kuvutwa, na mwenye mali nyingi asimame hata kabla ya hapo.