Namna ya Kukarabati Tovuti ya Zamani ya Kampuni ya Utalii

Si ajabu kukuta Arusha au Moshi kampuni ya utalii ambayo tovuti yake imepitia mikono ya mafundi kadhaa, kila mmoja akiongeza kurasa kwa mtindo wa wakati wake. Anayekabidhiwa kazi hiyo leo hushawishika kubomoa yote na kuanza upya. Nashauri atambue kwanza umri wa kila sehemu, kwa kuwa ukurasa wa mwaka 1999 na ule wa 2012 hawaugui ugonjwa mmoja.

Anza kwa kunakili faili zote pamoja na hifadhidata, uorodheshe anwani za kurasa zote, kisha fungua msimbo wa ukurasa mmoja na kuusoma taratibu. Ukikuta lebo (alama zinazoandikwa kuzunguka kila kipande cha ukurasa) za "font", zilizotumiwa kuchagua mwandiko, na majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali mengine, hiyo ni kazi ya mtindo wa miaka ya 1990. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia nchini Uswisi, kusudi lilikuwa kuunganisha hati za watafiti, wala si kupamba kurasa; ndiyo maana wabunifu waliotaka safu mbili au tatu walilazimika kutumia jedwali, lililokusudiwa takwimu, na kujaza nafasi kwa vipicha visivyoonekana. Wasilaumiwe. CSS, lugha ya kuelezea mwonekano wa kurasa, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Desemba 1996, ilichukua miaka mingi kabla vivinjari havijaitekeleza kwa namna inayofanana.

Toa maandishi yote katika majedwali hayo na uyapange kwa lebo zinazotaja kazi ya kila sehemu, kama vile "header", "nav", "main" na "footer", ambazo zimo katika HTML5, toleo la tano la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, lililoidhinishwa na W3C mwaka 2014. Jedwali libaki pale linapostahili tu, kwa mfano kwenye bei za kupanda Kilimanjaro kwa njia za Marangu, Machame na Lemosho kulingana na idadi ya siku na ya wapandaji. Mpangilio wote uhamishie kwenye faili ya CSS: tumia Grid, njia ya CSS ya kupanga vitu kwa safu na mistari, ambayo vivinjari vikubwa vilianza kuipokea mwaka 2017, kwa umbo la ukurasa mzima, na Flexbox, njia nyingine ya CSS, kwa vitu vinavyokaa katika mstari mmoja, kama menyu.

Faili zinazoishia na .swf ni za Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyoonyesha picha za mwendo na filamu ndani ya kurasa, na hapo hakuna cha kukarabati. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na siku chache baadaye programu yenyewe ikaanza kuzuia maudhui yake. Tafuta picha na maneno ya asili uyaweke upya. Mwendo wa picha utafanywa na CSS, na filamu ya mbugani itawekwa kwa lebo ya "video". Jambo hili lina uzito kwangu: kurasa za HTML za mwaka 1991 bado zinafunguka kwenye simu ya leo, kwa sababu lugha yake ni kiwango cha wazi kisichomilikiwa na kampuni yoyote, ilhali kilichojengwa kwa Flash kilitegemea uamuzi wa mwenye mali mmoja.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye simu. Kurasa nyingi za miaka ya 2000 zilipewa upana usiobadilika, mara nyingi pikseli 960, kwa kuwa msomaji aliyefikiriwa alikaa mbele ya kompyuta. iPhone ilipotoka mwaka 2007 dhana hiyo ilianza kuvunjika, na Mei 2010 mbunifu wa wavuti Ethan Marcotte akaeleza namna ya kubuni ukurasa unaojirekebisha kulingana na skrini. Weka kwanza mstari wa "meta" wenye jina "viewport" na thamani "width=device-width", unaoiambia simu itumie upana wa skrini yake, kisha andika CSS ya skrini ndogo, ndipo uongeze masharti ya skrini pana.

Picha zishughulikie kwa makini kuliko kitu kingine, maana ndizo zinazomaliza bando la mteja. Picha ya mlima iliyotoka kwenye kamera ikiwa na upana wa pikseli 6000 haina sababu ya kupakiwa ilivyo. Ipunguze hadi matoleo mawili au matatu, kubwa zaidi likiwa na pikseli 1600 hivi, yahifadhi kwa muundo wa WebP, unaofanya faili za picha ziwe ndogo, na uyataje katika "srcset", orodha ya matoleo ndani ya lebo ya picha, ili simu ichague faili inayoitosha. Andika pia upana na urefu wa kila picha, la sivyo maandishi yataruka huku mtu akiyasoma, na zile za chini ya ukurasa zipe "loading" yenye thamani "lazy", ili zipakiwe pale tu msomaji anapozikaribia.

HTTPS, njia inayosimba taarifa zinazopita kati ya mgeni na seva, ni ya lazima, hasa pale fomu inapomtaka mgeni ataje namba ya pasipoti. Cheti kinachohitajika kwa HTTPS hutolewa na Let's Encrypt, na hakilipiwi.

Mwisho, usibadilishe anwani za kurasa bila sababu, kwa kuwa wageni wa zamani na mawakala wa nje wamekwisha kuzihifadhi. Ikilazimu kubadilisha, rejea orodha uliyoiandika na uelekeze kila anwani ya zamani kwenye mpya yake kwa agizo la 301 kwenye seva, linalosema ukurasa umehamia moja kwa moja, kisha ujaribu kila moja kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao wa 3G kabla ya kumkabidhi mwenye kampuni.