Namna ya kuisoma kesi ya nyaraka za siri za rais mstaafu

Kesi ya nyaraka za siri ina maswali matatu ndani yake: karatasi ni mali ya nani, zina habari gani, na aliyezishika alifanya nini alipotakiwa kuzirudisha. Redioni na kwenye makundi ya WhatsApp maswali haya huchanganywa, na matokeo yake ni ubishi usiokwisha kuhusu nani alifanya kosa lilelile na mwenzake. Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria na msomaji yeyote anayetaka kuyatenganisha. Mfano wetu ni kesi ya Florida ya Donald Trump, aliyeshtakiwa kwa kukaa na nyaraka za siri baada ya kuondoka madarakani Januari 2021, kwa kuwa hati zake za msingi zimewekwa wazi na mtu yeyote anaweza kuzipata mtandaoni.

Hati kwanza, maoni baadaye

Tafuta hati tano na uzisome kwa mpangilio huu: hati ya kiapo ambayo FBI waliitumia kuomba ruhusa ya upekuzi, hati ya upekuzi pamoja na orodha ya vitu vilivyochukuliwa, hati ya mashtaka ya tarehe 8 Juni 2023, hati ya mashtaka iliyorekebishwa ya tarehe 27 Julai 2023, na uamuzi wa tarehe 15 Julai 2024 wa Jaji Aileen Cannon, aliyesimamia kesi hiyo.

Kila hati ina uzito wake. Hati ya kiapo inaonyesha tu kwamba kulikuwa na sababu ya msingi ya kushuku. Orodha ya vitu inasema nini kilibebwa, haisemi nani alikiweka pale. Hati ya mashtaka ni madai ya upande wa serikali, na kesi hii haikufika hatua ya kusikiliza ushahidi, kwa hiyo kila unachokitoa humo kiandike kwa "inadaiwa" au "kwa mujibu wa hati ya mashtaka". Trump alikana mashtaka yote.

Kabla hujaenda mbele, hakikisha uko kwenye kesi sahihi. Mwendesha mashtaka maalumu Jack Smith alikuwa na kesi mbili dhidi ya Trump. Ya Washington ilihusu uchaguzi wa 2020, na ndiyo iliyozaa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 1 Julai 2024 kuhusu kinga ya rais. Ya Florida ndiyo ya nyaraka. Makala nyingi zimebeba tarehe ya kesi moja na kuitia kwenye nyingine.

Swali la kwanza: karatasi ni za nani?

Jibu limo katika Sheria ya Kumbukumbu za Rais ya mwaka 1978. Kabla ya hapo, kwa desturi, marais wa Marekani waliondoka na makaratasi yao kama mali binafsi. Mgogoro wa kumbukumbu na kanda za Richard Nixon, aliyejiuzulu mwaka 1974, ndio uliolifanya Bunge kubadili utaratibu. Sheria ilianza kuwahusu marais walioingia madarakani kuanzia tarehe 20 Januari 1981, na inasema kumbukumbu za kazi ya urais ni mali ya serikali. Muhula ukiisha tu, ulinzi wake unahamia kwa Mtunza Nyaraka Mkuu wa taifa. Hakuna haja ya kuombwa wala kukumbushwa.

Sheria inamwachia rais vitu binafsi, kama shajara na makaratasi ya kampeni. Hapo ndipo utetezi wa Trump ulipojishikiza, ukitaja uamuzi wa mwaka 2012 kuhusu kanda za sauti ambazo Bill Clinton alirekodi akizungumza na mwanahistoria. Ukikutana na hoja hii, jiulize karatasi ilitengenezwa na nani. Kanda zile zilizaliwa katika mazungumzo ya Clinton mwenyewe. Taarifa ya kijasusi iliyoandaliwa na CIA au Pentagon ni kumbukumbu ya idara iliyoiandaa. Tarehe 4 Aprili 2024 Jaji Cannon alikataa kuifuta kesi kwa hoja ya sheria hii.

Jambo la kushika hapa ni kwamba Sheria ya Kumbukumbu za Rais haina adhabu ya jela. Kukaa na sanduku la barua za Ikulu ni kukiuka sheria hiyo, lakini hakumfikishi mtu kizimbani kwa sababu hiyo peke yake. Katika upekuzi wa Mar-a-Lago, klabu na makazi ya Trump huko Florida, zilichukuliwa zaidi ya nyaraka na picha 10,000 za serikali zisizo na alama yoyote ya siri, na karibu zote hazikujengewa shitaka lolote.

Swali la pili: ndani mna nini?

Alama za siri zinatokana na Amri ya Rais namba 13526 ya Desemba 2009. Madaraja ni matatu, na kipimo ni madhara ambayo taifa lingepata habari ikivuja: madhara kwa daraja la chini, madhara makubwa kwa daraja la kati, madhara mazito ya kipekee kwa daraja la juu. Baada ya daraja hufuata vifupisho, na hivyo ndivyo vyenye maelezo mengi. HCS ina maana habari imetoka kwa watoa habari wa siri, yaani binadamu ambao maisha yao yanaweza kuwa hatarini. SI ni mawasiliano yaliyonaswa. NOFORN inazuia raia wa kigeni wasiione, hata wa nchi rafiki. ORCON inampa aliyeandaa waraka mamlaka ya kuamua nani apelekewe. Ukiona HCS na NOFORN kwenye ukurasa mmoja, usiishie kuandika "nyaraka za siri". Mweleze msomaji ni siri ya namna gani.

Lakini alama haitoshi kutengeneza kosa, na hili ndilo wengi wanalikosa. Trump alishtakiwa chini ya kifungu cha 793(e), kinachotokana na Sheria ya Ujasusi ya 1917, sheria iliyotungwa kabla mfumo huu wa madaraja haujawepo. Kifungu hakitaji daraja lolote. Kinataka vitu vitatu: mtu awe na waraka bila idhini, waraka uwe na habari za ulinzi wa taifa, na awe ameukalia kwa makusudi bila kuukabidhi kwa ofisa anayestahili kuupokea. Ndiyo maana hoja ya kwamba rais alikuwa ameshaziondolea nyaraka usiri haikati mzizi wa shitaka. Zaidi ya hapo, mmoja wa nyaraka zilizoshtakiwa ulihusu silaha za nyuklia na ulikuwa na alama inayotokana na sheria ya nishati ya atomiki ya 1954, ambayo ina utaratibu wake wa kuondoa usiri, mbali na ule wa amri ya rais.

Jina la sheria nalo hupotosha. "Ameshtakiwa kwa Sheria ya Ujasusi" haina maana kwamba alidaiwa kuuza siri kwa adui. Hakuna dai la namna hiyo katika hati ya mashtaka.

Hesabu bila kuchanganya

Sanduku, waraka na ukurasa ni vipimo vitatu tofauti. Mar-a-Lago ilipokea masanduku zaidi ya 80. Humo nyaraka za siri zilikaa pamoja na magazeti, picha na barua. Katika masjala ya siri ya serikali za kwetu jalada haliondoki bila kuandikwa limechukuliwa na nani na lini. Baadhi ya masanduku ya Mar-a-Lago, kinyume chake, yalihamishwa kutoka jukwaa la ukumbi wa sherehe hadi bafuni, kisha stoo.

Nyaraka zenye alama za siri zilirudi kwa awamu tatu. Januari 2022 yalikabidhiwa masanduku 15 yenye nyaraka 197: za daraja la juu 30, la kati 98, la chini 69. Tarehe 3 Juni 2022 mawakili wa Trump walikabidhi bahasha yenye nyaraka 38: za juu 17, za kati 16, za chini 5. Upekuzi wa tarehe 8 Agosti 2022 ulipata 102: za juu 17, za kati 54, za chini 31. Kati ya hizo 75 zilikuwa stoo na 27 ofisini. Jumla ni 337.

Utakutana na namba 184 mahali pa 197. Hiyo imo kwenye hati ya kiapo na inatokana na ukaguzi wa awali wa Mei 2022. Chagua hati moja uitaje, usizijumlishe. Na ile picha maarufu ya karatasi zenye majalada ya rangi zilizotandazwa juu ya zulia isikuhadae: maofisa ndio waliozipanga hivyo kwa ajili ya kumbukumbu. Hazikukutwa zimetapakaa sakafuni.

Mashtaka nayo si idadi ya nyaraka. Hati ya kwanza ilikuwa na mashtaka 37 dhidi ya Trump, na 31 kati ya hayo yalikuwa ya kukalia nyaraka, kila shitaka likibeba waraka mmoja. Hati iliyorekebishwa ilifikisha nyaraka 32 na jumla ya mashtaka dhidi yake 40. Kwa nini 32 na si 337? Kwa sababu waraka ukishawekwa kwenye shitaka, serikali lazima iwe tayari kuutumia mahakamani, kwa utaratibu wa sheria ya 1980 inayosimamia siri ndani ya kesi za jinai, na idara yenye siri hiyo haitakubali kila waraka uingie humo.

Swali la tatu: alifanya nini alipotakiwa kurudisha?

Hapa pana uzito wa kesi nzima, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa. Chora safu mbili kwenye karatasi. Kushoto andika serikali ilidai nini na lini. Kulia andika kilichofuata.

Mei 2021 Idara ya Nyaraka za Taifa, NARA kwa kifupi, iliomba kumbukumbu zilizokosekana. Masanduku 15 yalifika Januari 2022. Tarehe 9 Februari NARA ikalipeleka suala hilo Wizara ya Sheria, na FBI wakafungua uchunguzi tarehe 30 Machi. Tarehe 11 Mei ikatolewa hati ya wito iliyodai nyaraka zote zenye alama za siri, siyo baadhi. Upande wa kulia, kwa mujibu wa hati ya mashtaka, kati ya tarehe 23 Mei na 2 Juni msaidizi wa Trump, Walt Nauta, alihamisha masanduku kama 64 kutoka stoo na kurudisha kama 30, kabla wakili wa Trump hajaingia kupekua. Wakili alipata 38. Siku iliyofuata ofisa wa upande wa Trump akasaini tamko kwamba msako umefanyika kwa uangalifu na kila kilichopatikana kimekabidhiwa. Miezi miwili baadaye zikapatikana 102.

Sasa rudi kwenye tarehe za mashtaka. Zile nyaraka 31 za hati ya kwanza zote ni zilizopatikana Juni na Agosti. Hakuna hata mmoja uliotoka kwenye 197 zilizorudishwa Januari. Ni waraka wa 32 tu, ulioongezwa Julai 2023, ndio wa kundi la Januari, nao ni ule ambao Trump anadaiwa kuwaonyesha wageni huko Bedminster, New Jersey, Julai 2021 huku sauti ikirekodiwa, akisikika akisema kwamba alipokuwa rais angeweza kuuondolea usiri lakini sasa hawezi. Waendesha mashtaka hawakumshtaki kwa karibu chochote alichorudisha kwa hiari. Angalia pia adhabu: kukalia waraka ni hadi miaka 10 kwa kila shitaka, lakini kuficha ushahidi na kuzuia uchunguzi ni hadi miaka 20.

Ukitaka kulinganisha na wengine, tumia safu hizohizo. Mawakili wa Joe Biden walikuta nyaraka za siri tarehe 2 Novemba 2022 katika ofisi aliyokuwa akiitumia Washington, wakaijulisha NARA siku hiyohiyo. Ripoti ya Februari 2024 ya Robert Hur, mwendesha mashtaka maalumu aliyemchunguza Biden, ilisema upo ushahidi kwamba Biden alikaa na nyaraka kwa makusudi baada ya kuacha umakamu wa rais, ila hautoshi kumtia hatiani pasipo shaka yoyote. Kwa hiyo "hakushtakiwa" ni sahihi. "Alisafishwa" si sahihi. Kwa Mike Pence, aliyekuwa makamu wa rais wa Trump, nyaraka zilizopatikana nyumbani kwake Indiana mwanzoni mwa 2023 zilikabidhiwa, na faili likafungwa Juni mwaka huohuo.

Kuandika kesi ilivyoisha

Jaji Cannon aliifuta kesi kwa sababu moja: aliona uteuzi wa Smith ulikiuka katiba. Hakusema lolote kama nyaraka zilikaliwa au hazikukaliwa. Smith alikata rufaa. Trump aliposhinda uchaguzi wa Novemba 2024, Smith aliiondoa rufaa dhidi yake tarehe 25 Novemba, kwa msimamo wa siku nyingi wa Wizara ya Sheria kwamba rais aliye madarakani hashtakiwi. Rufaa dhidi ya Nauta, aliyeshtakiwa pamoja na Trump, na mshtakiwa wa tatu, Carlos De Oliveira, mfanyakazi wa Mar-a-Lago, iliondolewa Januari 2025.

Andika basi "mashtaka yalifutwa". Usiandike "aliachiwa huru", kwa sababu kesi haikufika kusikilizwa ushahidi mahakamani, wala "alikutwa na hatia", kwa sababu hiyohiyo. Ukibakiwa na nafasi ya sentensi moja zaidi, itumie kueleza sababu ya kufutwa, maana bila hiyo msomaji atadhani ushahidi ndio ulioanguka.