Somo: Kuingia autokrosi na gari la kuazima

Wana Tanga, hamjambo. Autokrosi ni wewe na saa: gari moja linaingia, linamaliza njia, linatoka, na mwenye muda mdogo ndiye mshindi. Gari la watu halikuangushi kwa uhaba wa nguvu. Linakuangusha kwenye kiti na kwenye breki, na ndiko tutakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Malizeni maneno. Nani analipa tairi likipasuka, gia ikivunjika, bampa ikibaki kwenye tuta? Bima ya barabarani kwa kawaida hailipi ajali ya mashindano. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, mtie sahihi wote wawili.

Hatua ya 2: Kiti. Vaa helmeti kwanza, ndipo upange kiti, maana helmeti inakula nafasi ya juu. Mgongo na makalio vigande kitini. Kanyaga klachi mpaka sakafuni. Goti libaki limepinda kidogo. Nyoosha mkono juu ya usukani bila kuinua bega: kifundo kitue juu ya duara. Kikifika kiganja tu, uko mbali. Mkanda wa kiunoni unafungwa kwanza, chini kwenye mifupa ya nyonga, kisha ndiyo unavuta ya mabega. Ukianza na ya mabega, ule wa kiunoni unapanda tumboni, na ukigonga, tumbo ndilo linaloumia. Viatu viwe vya soli nyembamba. Raba nene haikuambii klachi inashikia wapi.

Hatua ya 3: Ukaguzi. Toa jeki, tairi la akiba na zulia la dereva. Zulia likiteleza chini ya pedali hutaipata breki. Nati za magurudumu kaza kwa spana ya kipimo (torque wrench), kwa mtindo wa nyota, yaani ukiruka upande wa pili badala ya kufuata duara. Toyota ndogo nyingi ni Nm 103, ila rimu zikiwa si za kiwandani fuata kipimo cha mwenye gari. Rudia baada ya mzunguko wa kwanza.

Mafuta ya breki msiyadharau. Hunyonya maji, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Hapo mvuke unajaa kwenye mabomba na pedali inazama. Mwenye gari hakumbuki alibadilisha lini? Badilisha, toa upepo kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne.

Hatua ya 4: Tembea njia kwa miguu, mara tatu. Mara moja uchuchumae, uone koni zinazoonyesha njia kwa kimo cha macho ya dereva. Kwenye udongo mwekundu kama wa mashamba ya mkonge, changarawe husukumwa nje ya kona, kwa hiyo mstari mzuri wa asubuhi mchana haupo.

Hatua ya 5: Mzunguko wa kwanza ni wa kuzijua breki, si wa kushinda. Funga breki gari likiwa limenyooka, achia, ndipo ukate. Gari la kuvuta mbele likigoma kukata, usiongeze usukani. Punguza mafuta, uzito urudi mbele. Ukisimama usivute hendibreki, pedi zitagandia kwenye chuma cha moto. Weka gia, tia jiwe.

MASWALI

Muheza: Mkuu, tuko wawili gari moja. Wa pili si atalikuta limechemka?
Jibu: Atalikuta hivyo. Marekani, mashindano ya taifa ya SCCA (chama cha michezo ya magari cha huko) pale Lincoln, Nebraska, wanaotumia gari moja wawili hunyunyizia tairi maji kati ya zamu. Pale ni zege. Kwenye vumbi utapata tope, kwa hiyo fungua boneti, acha feni izunguke, na gari la turbo usilizime ghafla.

Pongwe: Nikiangusha koni?
Jibu: SCCA ni sekunde 2 kila koni. Kwingine, uliza kwenye kikao cha madereva.

Raskazone: Kaka, mimi mfupi, na kiti kimefungwa kwa bolti. Niweke mto?
Jibu: Si mto wa sebuleni, dada. Ukigonga unabonyea, mkanda unalegea, unateleza chini yake. Weka povu gumu lililofungwa imara kwenye mgongo wa kiti. Kama bado klachi haifiki sakafuni, azima jingine.