Gharama za Kupinga Mahakamani Kusimamishwa kwa Leseni ya Udereva: Mwongozo kwa Madereva wa Moshi na Arusha

Leseni ya miaka 5 hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa shilingi 70,000, lakini dereva wa kosta ya Moshi–Arusha akifungiwa kuendesha kwa miezi kadhaa, hasara yake haipimwi kwa bei ya kadi hiyo. Hupimwa kwa hesabu ya tajiri, yaani fedha ya kila siku ya mwenye gari, ambayo deiwaka, dereva wa muda aliyeshika zamu yake, anaipeleka kila jioni huku mwenye gari akianza kumzoea.

Kwanza, jiridhishe ni nani aliyeisimamisha leseni. Ikiwa ni hakimu aliyekutia hatiani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, njia yako ni rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina masjala (ofisi za kupokea na kutunza majalada ya mashauri) Moshi na Arusha. Ikiwa ni uamuzi wa kiutawala ambao haukupita kwa hakimu, omba uamuzi huo kwa maandishi, kwa kuwa utahitajika katika maombi ya mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu ipime uhalali wa uamuzi huo. Maombi hayo yana ukomo wa miezi 6, hulipiwa ada, na anayeshindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake.

Kwa rufaa ya jinai, toa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha wasilisha hati ya rufaa ndani ya siku 45. Siku ulizosubiri nakala za hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) hazihesabiwi, ila lazima uthibitishe kwamba uliziomba. Kwa hiyo andika barua ya kuomba nakala, ipeleke masjala ya mahakama iliyokuhukumu ikiwa katika nakala mbili, na uondoke na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka. Kama wino umefifia, omba igongwe tena. Karatasi hiyo iliyogharimu mia chache za kuchapa ndiyo inayookoa rufaa iliyochelewa.

Rufaa ya jinai hailipiwi ada ya kufunguliwa. Mahali popote panapodaiwa malipo ya serikali, dai namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa kontroli namba, wala usimkabidhi mtu fedha taslimu dirishani. Mzigo mkubwa ni wakili. Kabla ya kumlipa, pateni makubaliano ya maandishi yanayoonyesha kama ada inahusu kuandaa hati pekee au pia kuhudhuria mahakamani, na kama kila shauri linapoahirishwa atadai nauli na posho upya, kwa maana hapo ndipo bei iliyoonekana nafuu hupanda. Anayetoka Same au Rombo ajumlishe pia nauli zake mwenyewe na siku za kazi zitakazopotea. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama kisheria, hivyo mwenye hoja fupi anaweza kuandika sababu zake za rufaa mwenyewe. Asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, akijua kwamba msaidizi wa kisheria humshauri tu na hawezi kumwakilisha mbele ya jaji.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, kumbuka ulichojibu siku ya kusomewa shtaka. Madereva wengi husema “ni kweli, mheshimiwa” ili wawahi zamu. Aliyekiri kosa, kwa kawaida, hawezi tena kupinga kutiwa hatiani. Hubaki kulalamikia uhalali au ukubwa wa adhabu. Kufungiwa leseni ni jambo la kulalamikia, lakini hoja zielekezwe huko badala ya kumlipa wakili abishane kuhusu mwendokasi uliokwisha kukubali.

Usidhani pia kwamba kukata rufaa kunakurudishia usukani. Omba mahsusi amri isimamishwe hadi rufaa isikilizwe, na mpaka utakapokubaliwa usiendeshe, kwani hilo ni kosa jipya. Ikiwa umefungiwa miezi mitatu tu, piga hesabu kwa unyoofu: muda huo unaweza kwisha kabla ya rufaa kusikilizwa, na hata ukishinda, ada ya wakili katika shauri la jinai kwa kawaida hairudishwi.

Ukishinda, chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa, uipeleke TRA na kwa polisi wa usalama barabarani ili kumbukumbu zako zirekebishwe, na nakala nyingine ibaki ndani ya gari.