Kidumbaki cha likizo: siku kumi na watoto ishirini na wanne

Kila Mei simu huanza kuingia, na swali ni lile lile: "Mwalimu, akimaliza wiki mbili atakuwa anajua kupiga fidla?" Najibu hapana, tena mapema, kabla mzazi hajatoa hela. Siku kumi hazimfundishi mtu fidla. Zinatosha kumfundisha mtoto kupiga na wenzake: kuanza pamoja, kunyamaza pamoja, kumsikiliza wa pembeni huku mkono wake mwenyewe unaendelea na kazi. Kwa hiyo darasa langu la likizo hapa Unguja naliendesha kama kundi moja la kidumbaki, si vidarasa vya ala mbalimbali.

Kwa asiyekijua, kidumbaki ni taarabu ya mtaani, ndogo na ya kasi. Kuna fidla, sanduku linalotoa besi, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), cherewa, mkwasa, mwimbaji na waitikiaji. Nyingi ya ala hizo zinatengenezeka nyumbani, na kila moja ina kazi ambayo mtoto wa miaka saba anaielewa. Taarabu kubwa, yenye ala za nyuzi kama udi na kanuni, tunaiacha kwanza. Kanuni peke yake ina nyuzi sabini na kitu, na ukianza kuzilinganisha mbele ya watoto, asubuhi imekwisha.

Hatua ya 1: Panga siku na saa

Mimi natumia likizo ya katikati ya mwaka. Ni kipupwe, jua si kali, na ngozi za ngoma hazilegei kama zinavyolegea wakati wa vuli. Tunaanza saa 3:00 asubuhi na kumaliza saa 6:00, ili anayekwenda kusali adhuhuri awahi na anayekwenda chuoni (madrasa) mchana apate kula kwanza. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili. Ijumaa tunafunga saa 5:00.

Kabla ya kuandikisha, zungumza na wazazi ana kwa ana. Wapo wasiopenda mtoto wao apige ala, na wapo wanaokubali aimbe tu. Usibishane nao. Andika kwenye daftari nani ameruhusiwa nini, umpe mtoto nafasi ndani ya mipaka hiyo. Mwimbaji wangu bora wa mwaka juzi aliingia kwa mlango huo.

Watoto ishirini na wanne ndio mwisho wangu, miaka 7 hadi 13, na wasaidizi wawili. Nawagawa makundi matatu ya wanane, na kila kundi lina wakubwa na wadogo. Ukiwatenga kwa umri, wadogo wanapoteza wa kumwigiza.

Hatua ya 2: Tengeneza sanduku

Hii ndiyo kazi ya wikiendi kabla ya kufungua. Zamani walitumia sanduku la majani ya chai. Siku hizi masanduku hayo ni adimu, kwa hiyo mwambie fundi seremala akupigie la plaiwudi nyembamba, urefu na upana usipungue sentimita 40, upande mmoja uwe wazi.

Lipindue, uwazi uangalie chini. Katikati ya juu toboa tundu la msumari. Pitisha mshipi wa kuvulia, ule mnene wa samaki wakubwa, na ndani ufunge kwenye kipande cha mti ili usichomoke. Ncha ya pili ifunge juu ya mpini wa ufagio wenye urefu wa kama mita moja. Chini ya mpini chonga kijino, uukalishe kwenye ukingo wa sanduku. Ukiuvuta mpini nyuma, mshipi unakaza na sauti inapanda, ukiulegeza, inashuka. Weka jiwe chini ya pembe moja sanduku liinuke kidogo, sauti ipate pa kutokea. Bila jiwe utasikia kama mtu anagonga mlango akiwa na glavu.

Huna fundi? Ndoo ya lita 20 inafanya kazi ile ile, sauti yake nyembamba kidogo.

Cherewa ni vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu au vijiwe na kuchomekwa mshikio. Wadogo watengeneze zao siku ya pili kwa chupa za maji na choroko. Mchele una sauti nzuri zaidi, ila nyumba nyingine hazipendi kuona chakula kinachezewa, nami nakubaliana nazo. Mkwasa ni vijiti viwili tu. Vidumbaki vya kweli azima kwa mwenye navyo. Vile vya udongo havivumilii kuanguka, basi watoto wajifunzie kwenye ndoo ndogo zilizopinduliwa, na vya udongo vitoke kuanzia siku ya sita.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, mikono mitupu

Hapa nilikosea mwaka wangu wa kwanza. Niligawa ala saa 3:10, kila mtoto na yake. Saa 3:30 bibi wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni. "Shikamoo bibi," nikamwambia. Akaitika, akachungulia ndani, akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanapiga ngoma au wanajenga nyumba?"

Tangu hapo siku ya kwanza hakuna ala. Tunakaa duara kwenye mikeka, na mikeka yenyewe inapunguza mwangwi. Kila mtoto anasema jina lake huku akilipiga mapajani: Kha-di-ja, Su-lei-man, Sa-lma. Wengine wanarudia. Dakika kumi tu na mwalimu ameshajua nani anakimbia, nani anachelewa, nani anaona haya.

Kisha nafundisha pigo moja, moja tu, na ndilo litakalotuchukua mpaka mwisho. Wamisri huliita maksumu, na watoto huanza kulijua kwa mdomo. "Dum" ni pigo la katikati ya ngoma, "tak" ni la ukingoni:

1 dum, 2 tak, 3 kimya, 4 tak, 5 dum, 6 kimya, 7 tak, 8 kimya.

Kuhesabu kunawachosha, kwa hiyo nawapa maneno: "Haya, twendeni!" Ukilisema kwa kuvuta, *ha-yaa, twe-ndee-nii*, limekaa sawasawa juu ya pigo: ha ni dum, ya ni tak, twe ni tak, nde ni dum, ni ni tak. Tunalisema tukizunguka chumba, mguu ukikanyaga kwenye 1, 3, 5 na 7. Atakayeweza kutembea huku akilitamka bila kujikwaa, atalipiga. Asiyeweza bado, usimpe ngoma, mrudishe kutembea. Kwa kawaida siku ya tatu wote wameshalipata.

Fundisha pia amri ya kunyamaza. Mimi nasema "Kwapa!" na kila mkono unaingia kwapani. Wanacheka, lakini kelele inakatika papo hapo, nami sijapandisha sauti.

Hatua ya 4: Mzunguko wa kila siku

Kuanzia siku ya pili asubuhi zote zinafanana, na watoto wanapenda hivyo:

3:00 – 3:20, duara: kutembea, kupiga makofi, kuitikiana.
3:20 – 4:05, makundi matatu: ngoma, sanduku na fidla, kuimba.
4:05 – 4:30, uji na maandazi.
4:30 – 5:15, makundi yanabadilishana.
5:15 – 6:00, wote pamoja.

Wavulana wataganda kwenye ngoma na kusema si kazi ya wasichana. Waeleze kwamba Bi Kidude, mwimbaji wetu maarufu aliyefariki Aprili 2013, alikuwa akipiga ngoma ya msondo kwa mikono yake mwenyewe. Halafu uendelee na mzunguko kama ulivyopangwa.

Upande wa ngoma, kosa la kila mtoto ni kupiga kwa nguvu. Mwambie ngoma ni kama pasi ya moto: gusa, ondoa. Dum ipigwe na kiganja kinachoruka, na tak na ncha za vidole kwenye ukingo. Kwa dakika tano wapige kwa kidole kimoja, sauti ndogo kiasi kwamba wanasikia kunguru wa nje. Ndipo wanapoanza kusikilizana.

Fidla ninazo nne, mbili za ukubwa wa nusu na mbili za robo tatu. Upinde siutoi kwenye kasha. Watoto wanadonoa nyuzi wazi, ya re na ya la, basi. Muziki wote wa siku hizi kumi nimeuweka kwenye re kwa sababu hiyo, ili mtoto ambaye hajui kuweka kidole popote awe tayari yumo kwenye wimbo. Anayepiga fidla kwa kweli ni msaidizi wangu.

Sanduku linataka subira. Kazi yake ni sauti mbili, re na la, lakini hakuna alama ya kuonyesha zilipo. Inabidi sikio litafute. Mwaka jana palikuwa na binti wa miaka tisa, mkimya, mpini umempita kichwa. Niliimba re. Akauvuta mpini, akadonoa: juu mno. Akalegeza, akadonoa: chini. Nikanyamaza, na hapo ndipo walimu wengi tunapoharibu, maana mdomo unawasha kusaidia. Akaegemeza sikio kwenye mpini wenyewe, akavuta taratibu kama anayevuta ndoo kisimani, akadonoa mara ya nne, akaniangalia. Ilikuwa re. Sikumsifu, nilianza wimbo tu, naye akashika besi mpaka uji ukafika.

Hatua ya 5: Sauti na makamu

Watu wazima huwaanzishia watoto wimbo chini mno, kisha wanalalamika kwamba watoto wanapiga kelele. Mtoto wa miaka minane anastarehe kuanzia re iliyo juu tu ya do ya kati, akapanda hadi la. Kwaya nzima iwe hapo, na anayeanzisha awe mtoto au mwanamke mwenye sauti nyepesi.

Makamu, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo unaufuata, nafundisha moja, hijazi, kuanzia re: re, mi iliyoshushwa nusu, fa iliyopandishwa nusu, sol. Sisemi lolote juu ya nusu na robo. Nawaimbia, nawauliza wapi kuna shimo. Karibu wote wanaonyesha pale kati ya sauti ya pili na ya tatu, ule mruko mrefu. Wakishalijua shimo, wanalitambua hata kwenye redio ya dukani, na kesho yake wanakuja kukusimulia.

Hatua ya 6: Watunge wenyewe

Siku ya nne tunatunga, na hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Kipande cha shairi letu la kawaida kina mizani nane, na pigo letu lina hesabu nane. Watoto wahesabu kwa vidole, na uwakumbushe kwamba "mtoto" ni mizani tatu, m-to-to, si mbili. Makosa mengi yako hapo.

Asubuhi moja kuku wa jirani aliingia kwenye uji wetu. Kufikia saa 5:00 kundi la tatu lilikuwa na hili:

*Kuku wa huyo jirani, kaingia mwetu ndani,*
*Kamwaga uji mezani, kapitia dirishani.*

Nane kwa nane, kina cha ni kila mahali. Nilichofanya mimi ni kuondoa neno moja tu. Mtoto akiimba alichokitunga, hahitaji kuambiwa afungue mdomo.

Hatua ya 7: Mgeni wa siku ya saba

Mwalike mwanamuziki mzee mmoja. Unguja hawakosekani: kikundi cha taarabu cha Akhwan Safaa kipo tangu 1905, na chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha tangu 2002. Mwombe apige, asihutubie. Dakika thelathini, watoto wakae karibu kiasi cha kuona vidole, na maswali yawe yao. Wetu mmoja alimuuliza mzee wa kanuni kama vidole vinamuuma. Mzee akatoa zile pete zenye vikucha vya kupigia, akamvisha, akamwacha apige.

Siku hiyo hiyo nawasimulia habari za Siti binti Saad: mtoto wa Fumba, muuza vyungu, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 8: Onyesho

Siku ya kumi huangukia Ijumaa, kwa hiyo mimi huonyesha Jumamosi asubuhi, wazazi wawe na nafasi. Dakika ishirini, nyimbo tatu, mmojawapo ule wa kuku. Siku ya nane na ya tisa usiongeze kitu kipya, fanyeni mazoezi ya kuingia, kukaa na kutoka tu, kwa sababu watoto huharibu wakati wa kupanga viti, si wakati wa kupiga. Ngoma za ngozi zianike juani nusu saa kabla.

Kuna jambo moja ambalo halitakupita: kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji pesa. Mama wa mwimbaji atainuka, ataingia kwa mwendo wa taarabu na noti mkononi, na shangazi watamfuata. Mara ya kwanza niliacha ipite. Mwimbaji akatoka na noti nyingi, na yule wa mkwasa, aliyeshika pigo dakika ishirini bila kukosea, akatoka mikono mitupu, akalia nyuma ya mlango. Sasa naweka pakacha moja mbele ya kundi na kutangaza kabla ya wimbo wa kwanza: atakayetunza, atunze pakachani. Mama bado wanacheza mpaka mbele, na noti bado zinapepea. Mwaka huu zilinunua nyuzi za fidla zote nne na mshipi mpya wa sanduku.