Kabla ya Kumwaga Oili ya Giaboksi Iliyoingia Maji

Msimu wa mpunga ukishika kasi Ahero, karibu na Kisumu, trekta hushinda matopeni, na siku moja dereva anachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi anakuta rangi ya chai ya maziwa. Wengi hapo hapo hukimbilia spana. Oili inamwagwa, mpya inatiwa, na mwezi haujaisha maji yamerudi. Kwa bei ya oili siku hizi, ni afadhali trekta ilale siku mbili huku ukijipanga.

Hakikisha kwanza kwamba ni maji kweli, maana lifti, yaani mitambo ya oili inayoinua jembe nyuma ya trekta, ikivuta hewa oili nayo hupauka. Chota kidogo utie kwenye chupa safi inayopenyeza mwanga, uiache usiku kucha. Povu la hewa hupanda na oili ikarudi kung'aa. Maji hayaondoki hivyo: weupe unabaki, na pengine utaona tabaka la maji limetuama chini. Usipotaka kungoja, pasha moto kipande cha bati udondoshee tone moja. Oili isiyo na maji hutoa moshi tu. Yenye maji hutatarika. Weka uso mbali, tone hilo huruka.

Pili, na hapa usiwe na haraka, tafuta maji yalipopitia. Mimi huanza na mpira wa mkono wa gia. Jua la uwanda wa Kano huupasua, na trekta ikilala nje, mvua inateremka na mkono huo moja kwa moja hadi ndani. Ukunje kwa vidole, nyufa zitajionyesha. Kisha angalia tundu la kupumulia, ambalo kofia yake hupotea bila mtu kujua, kifuniko cha kutilia oili, na sili za ekseli (mipira inayozuia oili isivuje) kama trekta imekuwa ikizama. Muulize pia anayeiosha kwa mashine ya presha huwa anaelekeza maji wapi. Mpira, sili na gasketi mpya ziwe mkononi kabla oili haijaguswa.

Kuhusu oili yenyewe, nunua ya kujaza mara mbili. Kwenye trekta kama Massey Ferguson 240, giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na lifti hutumia oili moja, na ujazo ni kama lita 30. Ya kwako ithibitishe kwenye kitabu chake. Ujazo wa kwanza ni wa kusuuza tu, kwa sababu maji yaliyokwisha kuchanganyika hung'ang'ania kwenye meno ya gia na pembe za ndani. Unaweza kutumia ya bei nafuu, mradi iwe ya aina inayokubalika kwa trekta hiyo. Kama breki zake zinafanya kazi ndani ya oili, usikubali kuuziwa oili ya gia ya kawaida. Breki zitalia na kushika vibaya. Wako wanaosuuza kwa dizeli. Siwaungi mkono: dizeli hubaki mashimoni na kuilegeza oili mpya, na haiwezi kulinda gia zikizunguka. Ukinunua pipa zima, lilaze chini ya paa. Pipa lililosimama mvuani hukusanya maji juu ya kifuniko, na likipoa usiku huyavuta ndani.

Jambo linalosahaulika sana ni trela ya kutipisha. Jeki yake husukumwa na oili ya trekta, kwa hiyo hushika oili ile ile chafu, na ukiiunganisha baada ya usafi inaurudisha uchafu wote. Ishushe kabisa na umwage oili yake pia. Mikono ya lifti nayo ishuke hadi chini.

Vyombo: madebe ya kutosha lita zote, filta mpya, vitambaa visivyoacha nyuzi, na mafuta ya taa ya kuoshea chujio la chuma. Nati za kumwagia zinaweza kuwa zaidi ya moja, kwa hiyo ingia chini uzihesabu mapema. Oili chafu iwe na pa kwenda. Majirani wataitaka ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa, lakini ni heri iende kwa wanaokusanya oili kuukuu. Mtaro hapa huishia mto Nyando, na Nyando huishia Ziwa Victoria.

Mwisho ni saa. Egesha mahali tambarare jioni, uweke vigingi kwenye magurudumu. Alfajiri, kabla ya kuwasha, legeza nati polepole: maji yaliyotuama yatatangulia. Oili ikianza kutoka, kaza, washa injini mpaka oili ipate joto, uzime, ndipo umwage yote. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri, kwa hivyo vifuniko viwe vimerudi mahali pake kabla ya chakula cha mchana.