SOMO: Barua ya kuomba kuingia kikundi, ikuonyeshe ukiwa kazini

Kuna methali inayotuponza vijana wengi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani aliyeitunga hakuwahi kushinda Kariakoo. Pale Mtaa wa Kongo shati zuri linatembezwa, shati bovu linatembezwa, na lisilotangazwa linarudi nyumbani na mwenyewe jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wajasiriamali vijana huku Temeke. Tunanunua hisa kila Jumapili, tunakopeshana, tunaagiza malighafi kwa pamoja ili bei ishuke. Kasha letu lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Anayetaka kuingia anaandika barua au anatuma sauti kwenye simu, kisha tunamwita tumwone. Barua zote zinaanzia mikononi mwangu, na nyingi zimeandikwa na watu wazuri waliojificha nyuma ya maneno makubwa.

Hatua ya 1: Jua unapopiga hodi

Omba katiba ya kikundi uisome. Mtafute mwanachama mmoja umuulize mnakutana lini, hisa ni shilingi ngapi, mtu akichelewa anapigwa faini gani. Nusu saa inatosha. Anayeniandikia "nimevutiwa na malengo ya taasisi yenu" najua hajamuuliza mtu.

Hatua ya 2: Jitaje kwa pumzi moja

Jina, unachofanya, unapofanyia. "Natengeneza sabuni ya maji nyumbani, Mbagala Kizuiani, nauza kwa mama lishe na saluni." Basi. Kondakta wa daladala anataja njia nzima kabla gari halijasimama, na abiria wanaelewa.

Vyeo acha. Tumepokea barua za wakurugenzi watendaji wa genge la nyanya. Genge la nyanya ni kazi ya heshima, halihitaji mkurugenzi. Na kama ulichosajili BRELA, ule wakala wa serikali wa kusajili biashara, ni jina la biashara, usiandike "kampuni yangu". Ni vitu viwili tofauti, na kwenye kikundi hakukosi mtu anayejua tofauti yake. Ukinaswa hapo, hata ukweli wako mwingine tunausoma kwa jicho moja.

Hatua ya 3: Chagua tukio moja, ulisimulie kwa karibu

Hapa ndipo barua nyingi zinafia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dada mmoja alituandikia mara ya kwanza hivi:

*"Mimi ni kijana mchapakazi, mbunifu, mwenye ndoto kubwa na nisiyekata tamaa. Ninatengeneza sabuni bora yenye viwango na ninaamini kupitia kikundi chenu nitafika mbali."*

Niambie, umemwona? Futa neno sabuni, weka batiki, weka chapati, barua bado inasimama. Ukiona barua yako inaweza kusainiwa na mtu mwingine bila kubadilisha kitu, ujue bado hujaandika.

Tukamrudishia, tukamwambia atueleze siku moja tu ya kazi yake, ikiwezekana siku mbaya. Wiki iliyofuata akaleta hii:

*"Mwezi wa tatu niliharibu ndoo ya lita 20. Sabuni ilikuwa imeanza kuwa nzito vizuri, nikasema niongeze chumvi iwe nzito zaidi. Ikawa nyepesi kama maji ya kunawa. Nilikuwa sijui kwamba chumvi inainua sabuni mpaka mahali fulani, ukipitiliza inaiangusha. Nilipoteza malighafi ya shilingi 19,000. Sasa chumvi naiyeyusha pembeni, naitia kidogo kidogo, nakoroga, nasubiri povu litulie, ndipo naangalia. Kipimo nimekiandika ukutani kwa mkaa."*

Hiyo ndiyo barua. Hakusema ni mchapakazi, tumeona ukuta wenye mkaa. Hakusema hakati tamaa, tumeona ndoo ya pili. Na sisi tuliokuwa tukiisoma, mmoja wetu naye anatengeneza sabuni, akagonga meza: "Kumbe ndivyo! Hata mimi ilinitokea." Kabla dada hajaitwa alishakuwa na rafiki ndani.

Namna ya kulipata tukio lako: jiulize ni lini mara ya mwisho mteja alirudisha mzigo, au alirudi na mwenzake. Ni kitu gani unafanya leo ambacho mwaka jana hukuwa unafanya. Nini kimo jikoni au kibandani kwako ambacho mgeni angeuliza "hiki cha nini?" Usitafute kisa cha kusikitisha. Kila mwaka tunapata barua za machozi matupu, na machozi hayatuambii kama utalipa hisa.

Hatua ya 4: Weka hesabu, hata kama ni ndogo

Yule dada alimalizia hivi: "Natengeneza lita 40 kwa wiki, nauza 1,500 kwa lita, napata 60,000. Malighafi na chupa 38,000. Inabaki 22,000 kabla ya nauli." Mistari miwili tu. Ameonyesha anajua kwamba mauzo si faida, na amekumbuka nauli. Wapo wanaoniandikia "naingiza 60,000 kwa wiki" wakidhani wameeleza faida. Kama hesabu yako huijui, kaa na daftari wiki mbili kwanza, barua itasubiri.

Hatua ya 5: Sema unachotafuta na unachokuja nacho

Kutafuta tunajua wote: mtaji, soko, vifungashio vya bei nafuu. Unachokuja nacho ndicho watu wanasahau. Si lazima kiwe pesa. Mmoja alisema ana bodaboda na atachukua mizigo ya wanachama kwa bei ya mafuta kila Alhamisi. Mwingine anajua kupiga picha bidhaa kwa simu, akisimama kivulini na kitambaa cheupe nyuma. Watu kama hao tunawagombania.

Hatua ya 6: Sasa tia rangi

Ubunifu unakuja hapa, baada ya kuwa na la kusema. Ukiutanguliza unakuwa kama keki ya maonyesho, krimu juu, chini boksi.

Picha: tupe mikono yako ikiwa kazini. Picha ya studio na suti ya kuazima weka kwa ajili ya ndugu zako. Sauti: dakika moja, isizidi, na usirekodi karibu na jenereta. Wengine wameandika kwa mtindo wa tangazo la mnada, wengine wamebuni jina la kanga la biashara yao. Kijana mshona viatu wa Tandika alituletea ubeti:

*Mshona viatu mie, sokoni Tandika nipo,*
*Soli yako niachie, jioni uje nilipo,*
*Mshono ujivutie, wa kufumuka haupo,*
*Jumuiyani nitie, niwashonee mlipo.*

Hesabu mizani, nane kwa nane, vina vimekaa. Lakini mimi kilichonifurahisha ni kwamba kila mshororo una habari: kazi na mahali, muda wa kumaliza, jinsi ya kumpima, na anachotuletea. Angeimba jinsi alivyo nyota ya alfajiri ningepiga makofi na kusahau.

Jambo moja kuhusu akili mnemba (AI). Itumie kusahihisha tahajia ukipenda, ila barua usiiachie. Kuna wiki nilipokea barua tatu za watu wasiojuana, zote zina "shauku isiyozimika". Nikaziweka pamoja, nikawaita wote watatu, nikawaomba wanieleze shauku hiyo inawashwaje. Tulicheka, lakini barua waliandika upya.

Hatua ya 7: Wadhamini, kisha soma kwa sauti

Taja watu wawili wanaoijua kazi yako, na uwaambie kwanza, maana nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza "nani huyo?" Halafu msomee mtu barua nzima. Pale utakapoona haya kusoma, futa.

---

MASWALI YA WANACHAMA NA WAOMBAJI

Muuza mitumba, Mwanza: *Katibu, habari za kazi. Biashara yangu ya kwanza ilikufa, mtaji ukaisha. Nilifiche hilo?*

Njema, ndugu yangu. Usilifiche, ila usilifanye msiba. Sema ilikufa kwa nini: ulikopesha sana? Ulifungua belo la daraja usilolijua? Kisha sema ya sasa unaiendeshaje. Aliyefunga biashara na akajua sababu ana thamani kwetu kuliko ambaye hajawahi kufungua. Ila ukiandika "watu wabaya walinirudisha nyuma" tutabaki tunajiuliza na sisi tutakuwa wabaya lini.

Mwanafunzi wa VETA, Dodoma: *Shikamoo. Bado sijaanza biashara, nasoma ushonaji. Nitasimulia tukio gani?*

Marahaba. Umeshakata kitambaa cha mtu? Kaptula ya mdogo wako nayo ni kazi. Tueleze ulivyopima, ulipokosea, nani aliivaa. Usijifanye una duka. Andika "najifunza, namaliza mwezi fulani". Vikundi vingi vina nafasi ya mtu anayejifunza, havina nafasi ya mwongo.

Dada wa mapambo ya harusi, Mombasa: *Kaka, sisi tumelelewa tukiambiwa mja hajisifu, husifiwa na watu. Nikianza kujieleza nahisi najinaki.*

Dada yangu, malezi hayo ni mazuri na usiyaache. Lakini tazama hata jadi zetu. Wahaya wa Kagera wana majigambo, mtu anasimama mbele za watu anajitaja. Shuleni huko Kenya nadhani mlisoma hayo hayo kwa jina la vivugo. Anayejigamba pale anataja matendo: nilikwenda mahali fulani, nilifanya hivi. Asiye na tendo hana cha kusimama nacho.

Kwa hiyo wewe acha sifa, taja tendo. "Mimi ni mpambaji hodari" ni kujinaki. "Harusi ya mwezi uliopita umeme ulikatika saa kumi na mbili, nikapamba jukwaa lote kwa taa za kandili" hiyo ni habari tu. Sifa watakupa wao. Na kama bado ulimi mzito, andika maneno ya mteja wako kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake.

Fundi wa kuchomelea, Mbagala: *Mimi sina la kuficha, nataka kujiunga ili nipate ule mkopo wa halmashauri. Niandike hivyo?*

Andika, tunapenda mtu mkweli. Lakini elewa unachoomba. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Utaratibu ulisimamishwa Aprili 2023 kisha ukarejeshwa. Kwa vijana fedha hizo zinapita kwenye kikundi, na deni ni la kikundi. Wewe ukizima simu, wenzako ndio wanaofuatwa. Ndiyo maana tunakuchunguza kama wakwe.

Kwa hiyo usiishie "nataka mkopo". Sema utanunua nini, kwa mfano mashine ya kuchomelea ya ukubwa gani, itakuongezea mageti mangapi kwa mwezi, na marejesho utayatoa kwenye fedha ipi. Halafu kaa nasi walau mzunguko mmoja wa hisa kabla hujagusa fomu. Anayeingia Jumapili akauliza mkopo Jumatatu tunamjua.

Msindikaji wa siagi ya karanga, Morogoro: *Mbinu hizi zinafaa pia kwa mitandao mikubwa, kama ule wa Tony Elumelu?*

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Elumelu ni mfanyabiashara wa Nigeria, na taasisi yake inasaidia wajasiriamali. Mpango wao ulianza 2015, upo wazi kwa nchi zote 54 za Afrika, na wanaochaguliwa hupewa mafunzo na dola 5,000 za kuanzia. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 1. Tofauti ni kwamba kule unajibu maswali yaliyopangwa, nafasi ya ubeti haipo. Tukio lako na hesabu yako vinaingia vizuri tu kwenye majibu hayo. Kuomba ni bure. Ukiona mtu anataka "ada ya fomu" kwa jina lao, huyo anakuibia.

Muuza juisi, Tanga: *Nimetuma ombi mara mbili kwa kikundi kimoja sijajibiwa. Nifanye nini?*

Nenda kwenye mkutano wao, na chupa mbili za juisi.

Mama wa vitenge, Kigamboni: *Katibu, na yule mshona viatu wa ubeti mlimchukua?*

Tulimchukua, dada. Viatu vyangu vya kahawia viko kwake tangu Jumatatu. Aliniambia jioni niende, mimi ndiye sijaenda.